Kibwagizo au Kimalizio? Tazamo la Hitimisho katika Insha ya Uhakiki

Kila mwanafunzi wa shule ya upili aliyepita katika vipindi vya ushairi anajua tofauti ya kibwagizo na kimalizio. Kibwagizo ni mshororo unaorudiwa mwishoni mwa kila ubeti, na kazi yake ni kusisitiza ujumbe na kuleta mahadhi. Kimalizio, ambacho wengine hukiita kiishio, ni mshororo wa mwisho usiorudiwa. Kila ubeti huja na wake, na kila kimoja hufunga jambo ambalo mishororo ya juu yake imeliandaa. Mwulize mtahiniwa tofauti hiyo, naye atakujibu hata akiwa usingizini. Kisha mpe swali la riwaya au tamthilia, usubiri afike aya ya mwisho. Utaona kwamba ameisahau. Aya hiyo huwa kibwagizo kitupu: maneno ya swali yamerudiwa, hoja zimetajwa tena mojamoja, na karatasi imefungwa.

Makala haya yanahusu aya hiyo ya mwisho katika insha ya uhakiki, yaani insha inayojibu swali kuhusu kitabu teule, na mwishoni yatagusa tasnifu ndogo ambazo wanafunzi wetu huziandika wakifika vyuo vikuu. Nashikilia kwamba hitimisho ni mahali pa kutoa uamuzi. Mhakiki amekusanya ushahidi. Sasa sharti atuambie ushahidi huo unathibitisha nini, na unathibitisha kwa kadiri gani. Asiyefanya hivyo amesimama njiani, hata kama hoja zake zote ni sahihi.

Neno lenyewe lingetosha kutuzindua. Hitimisho linatokana na kitenzi hitimu, na ukoo wake ni mmoja na ile hitima inayosomwa Uswahilini. Aliyehitimu alikuwa mtoto wa chuoni aliyeisoma Kurani hadi mwisho. Kufunga msahafu peke yake hakukumfanya mhitimu. Alihitimu kwa kuwa sasa aliweza kusoma mwenyewe bila mwalimu kumshikia kidole. Insha nyingi tunazosahihisha zimefungwa, ila hazijahitimu.

Tumefikaje hapa? Sababu ya kwanza ni sisi walimu. Tumewafundisha wanafunzi kwamba insha ina sehemu tatu, utangulizi, mwili na hitimisho, na kwamba hitimisho ni "muhtasari wa yaliyojadiliwa". Ufafanuzi huo ni mwepesi kukariri na mwepesi kutekeleza, ndiyo maana umedumu. Sababu ya pili ni miongozo. Mwongozo wa kitabu teule huorodhesha dhamira, maudhui, wahusika na mbinu za lugha, na mwanafunzi anayeutegemea mno huiandika insha yake kama orodha. Orodha haina hitimisho. Unawezaje kuhitimisha orodha ya vitu vya kununua sokoni? Unaandika kitu cha mwisho, basi.

Sababu ya tatu ndiyo nzito zaidi, na ni haki tuitazame bila kuficha. Mwongozo wa kusahihisha wa Karatasi ya tatu, yaani 102/3, aghalabu huhesabu hoja. Swali lina alama 20, hoja kumi zilizotajwa na kufafanuliwa hupata mbilimbili, na kazi imekwisha. Mwanafunzi mwerevu akikuuliza hitimisho litampa alama ngapi, utamjibu nini? Nitalirudia swali hilo baadaye, kwa maana halijibiwi kwa kumkemea aliyeuliza. Kwanza hebu tuone hitimisho linaweza kufanya nini.

Tuanze na hadithi fupi ambayo watahiniwa wengi waliisoma, "Damu Nyeusi" ya Ken Walibora, iliyoupa jina mkusanyiko wa Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine uliotoka mwaka wa 2007. Mhusika wake Fikirini ni Mwafrika aliyekwenda kusoma Marekani. Swali lililozoeleka ni hili: jadili maudhui ya ubaguzi wa rangi katika hadithi hii. Ushahidi upo tele, na mtahiniwa wa kawaida huupata bila taabu. Kisha anafika mwisho na kuandika hivi:

"Kwa kuhitimisha, ni wazi kwamba hadithi ya Damu Nyeusi imejaa ubaguzi wa rangi. Wazungu wanawabagua watu weusi kila mahali. Ubaguzi ni jambo baya na jamii yetu inapaswa kuuepuka."

Sentensi ya kwanza ni swali lililogeuzwa kuwa jibu. Sentensi ya tatu ni wosia ambao hatukuuomba. Ya pili ndiyo inayonikera, kwa sababu imeupita mwisho wa hadithi yenyewe bila kuutazama. Anayekuja kumtendea Fikirini unyama mwishoni ni mtu mweusi kama yeye, aliyemwamini kwa sababu hiyo hiyo ya rangi. Fikirini alidhani damu nyeusi ni undugu, na kisa kinafunga kwa kumvua dhana hiyo. Mtahiniwa anayelijibu swali la ubaguzi bila kukabiliana na tukio hili hajaisoma hadithi hadi kwenye ncha yake. Na mahali pa kukabiliana nalo, akishalitaja katika mwili wa insha, ni hitimisho.

Angeweza kuandika hivi: "Ubaguzi wa rangi unamwandama Fikirini tangu afike ugenini, na hadithi inaukemea waziwazi. Hata hivyo, msiba wake wa mwisho unaletwa na mtu wa rangi yake. Mwandishi hautetei ubaguzi kwa kufanya hivyo. Anatuonya kwamba aliyebaguliwa kwa rangi anaweza naye kukosea akiipima imani yake kwa rangi." Hizo ni sentensi nne. Hakuna "kwa kuhitimisha", hakuna wosia kwa wananchi, na swali limejibiwa kwa undani kuliko hoja yoyote moja iliyotangulia.

Hapo ndipo ninapotaka wewe, mwalimu mwenzangu, utue kidogo. Njia bora ninayoijua ya kumfundisha mwanafunzi kuhitimisha uhakiki ni kumrudisha kwenye mwisho wa kazi inayohakikiwa. Kila riwaya, tamthilia au hadithi fupi ina mwisho wake, na mwandishi ameuchagua kwa makusudi. Kauli yoyote kuhusu kitabu ambayo haiwezi kusimama mbele ya mwisho wa kitabu hicho ni kauli dhaifu. Mwambie mtahiniwa: kabla hujaandika aya ya mwisho, jikumbushe tukio la mwisho la kitabu na ujiulize kama linaiunga mkono kauli yako, linaipinga, au linaipunguza. Jibu la swali hilo ndilo hitimisho lako.

Tulijaribu hilo kwa Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea. Chukua swali hili: "Ushindi katika tamthilia ya Kigogo ni ushindi wa umma." Jadili. Hoja za kuunga mkono ziko nje nje. Tunu anaongoza harakati hata baada ya kushambuliwa na kuumizwa. Sudi anakataa kumchongea Majoka kinyago anachokitaka, ingawa ni mtu anayehitaji riziki. Ashua anatiwa korokoroni. Wanasagamoyo, baada ya kufungiwa soko la Chapakazi, wanakusanyika langoni pa soko lile lile kudai haki yao. Mtahiniwa ataziandika hizi na nyingine, kisha atamaliza: "Kutokana na hoja hizi ni dhahiri kwamba ushindi katika Kigogo ni ushindi wa umma. Viongozi wa Afrika wanapaswa kujifunza kutokana na Majoka."

Tazama sasa mwisho wa tamthilia yenyewe. Majoka anaamuru watu wapigwe risasi, na Kingi, mkuu wa polisi, anakataa. Kenga, mshauri wake wa miaka yote, anamwacha mkono na kwenda upande wa umma. Mambo haya mawili yanazusha swali gumu: je, ingekuwaje lau Kingi angetii? Umma ulikuwa umekusanyika, ni kweli, lakini ulikuwa mikono mitupu. Mtahiniwa hodari hawezi kuliruka swali hilo. Hitimisho lake lingekuwa kama ifuatavyo:

"Umma wa Sagamoyo, basi, ndio unaomwondoa Majoka, ila hauumalizi kwa wingi wake pekee. Lango la soko lingegeuka mahali pa maafa lau Kingi angetii amri. Kingi anakataa, Kenga naye anamtoroka bwana wake, na nguvu za Majoka zinakwisha kabla ya mtu yeyote kumgusa. Kauli ya swali ni ya kweli, mradi tukubali kwamba umma ulioshinda unawajumuisha hata waliokuwa wakila naye jana."

Sipendekezi aya hii ikaririwe. Ikikaririwa itakuwa kibwagizo kingine. Ninachotaka uone ni kazi inayofanyika ndani yake. Swali lilikuwa na neno "umma", na hitimisho limelishika neno hilo na kuuliza ni nani hasa wamo ndani yake. Limekubali kauli, kisha likaiwekea mpaka. Limetumia ushahidi uliokwisha kutajwa, ila limeupanga upya ili uzito wake uonekane. Mwanafunzi mwenzake angeweza kuhitimisha kinyume: kwamba Kingi na Kenga wanabadilika kwa sababu tu wameuona umma, hivyo hata kuasi kwao ni tunda la harakati za akina Tunu. Hilo nalo ni hitimisho, na mimi binafsi ningelipa alama sawa. Uhakiki si hesabu. Tunachokitaka ni mtu atoe uamuzi na ushahidi wake uubebe.

Neno moja kuhusu ule wosia kwa viongozi wa Afrika. Watahiniwa wetu wana mazoea ya kuondoka Sagamoyo wakiwa mbio na kurudi Nairobi katika sentensi ya mwisho. Si vibaya fasihi kuihusisha na jamii. Swali likiuliza umuhimu wa kazi kwa jamii ya leo, sharti ajibu hivyo. Lakini swali likiuliza ushindi ni wa nani, kumshauri rais ni kukwepa. Mtahini anayesoma mahubiri hayo katika karatasi ya kumi na ya ishirini hubaki akipiga miayo.

Lipo pingamizi ambalo walimu wengi watalitoa hapa, nalo lina msingi. Tumekuwa tukiwaambia wanafunzi kwamba hitimisho halileti hoja mpya. Je, kusema kwamba umma unawajumuisha waasi wa serikali si hoja mpya? Amri hii ni sahihi, ila tumeifafanua vibaya. Kinachokatazwa ni ushahidi mpya: tukio, mhusika au dondoo ambalo halikutajwa mwilini. Msomaji hana nafasi tena ya kulipima. Kwa hiyo Kingi na Kenga lazima wawe wametajwa katika aya za kati, labda kama hoja ya saba na ya nane. Lakini maana mpya inayotokana na ushahidi wa zamani hairuhusiwi tu, inatakiwa. Isipokuwapo, msomaji anapata yale yale aliyokwisha kuyasoma, tena kwa haraka na bila mifano.

Riwaya ya Kidagaa Kimemwozea, aliyoitoa Ken Walibora mwaka wa 2012, inanipa mfano mzuri zaidi wa jambo hili. Swali la kufaa kwa anwani liliwachosha watahini na watahiniwa kwa miaka yote kitabu kilipokuwa teule. Mtahiniwa hueleza kwanza maana ya msemo, kwamba kidagaa kumwozea mtu ni mambo kumharibikia. Kisha huwapanga wahusika waliofikwa na hayo. Mtemi Nasaba Bora anaishia kujinyonga. Mwalimu Majisifu, aliyejivunia kitabu ambacho mswada wake ni wa Amani, anaumbuka. Wengine wanafuata. Na hitimisho: "Hivyo basi anwani Kidagaa Kimemwozea inaafiki riwaya hii kikamilifu."

Katika insha nyingi za aina hii, jambo moja hutajwa katikati na kuachwa hapo kana kwamba ni dogo. Mswada wa Amani unaitwa jina gani? Unaitwa Kidagaa Kimemwozea. Anwani ya riwaya tunayoishika mikononi ni anwani ya kitabu kilichoibwa ndani ya riwaya hiyo. Mtahiniwa akishalitaja hilo kama hoja, hitimisho lake linajiandikia. Anaweza kutuambia kwamba Nasaba Bora anakalia shamba lisilo lake na Majisifu anatembea na kitabu kisicho chake. Kwamba ndugu hawa wawili wameanguka kwa njia mbalimbali lakini kwa kosa la aina moja. Na kwamba anwani, zaidi ya kueleza anguko lao, ni jina la mali iliyoibwa, iliyorudi kwa mwenyewe. Ushahidi wote tulikuwa nao. Hitimisho limeuunganisha, nasi tunauona upya.

Naam, sasa turudi kwa yule mwanafunzi mwerevu na swali lake la alama. Karatasi ya tatu ina muda wa saa mbili na nusu na maswali manne. Gawanya dakika 150 kwa maswali manne, utapata dakika zisizofika 38 kwa kila swali, pamoja na za kusoma na kufikiri. Mtahiniwa ambaye ana hoja sita tu mkononi asipoteze dakika tano akipamba aya ya mwisho. Atafute hoja ya saba. Nasema hivyo bila haya, maana mwanafunzi amekuja kufanya mtihani. Tena maswali mengi ya karatasi hiyo hayadai insha kamili. Swali la dondoo linalotaka msemaji, msemewa, mahali na sababu halina hitimisho, na anayeliwekea anapoteza wino.

Hata hivyo swali la insha ni jambo jingine. Kuna manufaa mawili ambayo mwanafunzi ataelewa. La kwanza ni kwamba anayejua atahitimisha nini huzichagua hoja zake vyema. Ukimtaka aandike sentensi yake ya uamuzi kwenye kona ya karatasi kabla ya kuanza, hatatangatanga, na zile dakika 38 zitamtosha. Hitimisho hufaidi mwili wa insha kuliko linavyojifaidi lenyewe. La pili ni kwamba swali lenye neno "jadili" au "thibitisha ukweli wa kauli hii" huomba uamuzi kwa tamko lake lenyewe. Mtahiniwa aliyetoa hoja za upande mmoja na nyingine za upande wa pili, kisha akanyamaza, amemwachia mtahini kazi ya kujibu. Mbaya zaidi ni yule anayehitimisha kinyume cha hoja zake mwenyewe kwa kuwa alikariri aya ya kufungia kutoka mahali pengine. Nimeona insha iliyothibitisha kwa ukurasa mzima na nusu kwamba mhusika fulani ni mwathiriwa, ikafunga kwa kusema kwamba mhusika huyo alistahili yaliyompata. Mwandishi wake alikuwa na aya moja ya kufungia wahusika wote.

Sentensi tatu hadi tano zinatosha. Zaidi ya hapo mwanafunzi wa kidato cha nne huanza kuhubiri.

Jambo linalonisukuma kuyaandika haya yote, hata hivyo, liko nje ya mtihani. Mwanafunzi tunayemfundisha kibwagizo huenda nacho chuo kikuu. Huko, akisomea ualimu au lugha, hutakiwa aandike tasnifu ndogo, na muundo unaotumika katika vyuo vingi vya hapa kwetu ni wa sura tano: utangulizi, mapitio ya maandishi, mbinu za utafiti, uchanganuzi, kisha sura ya tano yenye muhtasari, hitimisho na mapendekezo. Ukisoma tasnifu za aina hii utaona kwamba sura ya tano mara nyingi ndiyo fupi na ndiyo dhaifu. Muhtasari unasimulia sura zilizotangulia: katika sura ya kwanza tulifanya hivi, katika sura ya pili tulifanya vile. Hitimisho linarudia malengo ya utafiti na kusema yametimizwa. Mapendekezo yanaomba serikali itenge fedha zaidi kwa Kiswahili. Utafiti wenyewe ulikuwa juu ya taswira za maji katika diwani moja. Serikali imeingiaje?

Mtafiti huyu hakufundishwa uzembe chuoni. Alikuja nao kutoka madarasani mwetu. Sehemu hizo tatu zina kazi mbalimbali, na aliyezoea kuhitimisha insha ya kurasa mbili kwa uamuzi ataziona tofauti zake bila shida. Muhtasari unasema ulipata nini. Hitimisho linasema uliyoyapata yana maana gani kwa swali uliloanza nalo. Mapendekezo yanamwambia mtafiti mwenzako kipi kilichobaki, nayo yanapaswa kuzaliwa na kikwazo ulichokutana nacho mwenyewe. Kama uliona kwamba taswira za maji zinabadilika kutoka kisima hadi bahari na hukuweza kueleza kwa nini, pendekeza hilo. Mwalimu wako atafurahi kuliko utakavyofurahi wewe.

Kuna jambo la mipaka pia. Mtafiti aliyechambua hadithi mbili kutoka katika Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine hana haki ya kuhitimisha kuhusu nafasi ya mwanamke katika hadithi fupi za Kiswahili kwa jumla. Ana haki ya kusema kuhusu hadithi hizo mbili, na kuuliza kuhusu nyingine. Wanafunzi huogopa kwamba hitimisho lenye mipaka litaonekana dogo, ndiyo maana hujaza maneno kama "kila", "daima" na "kikamilifu". Yatafute maneno hayo matatu katika aya za mwisho za darasa lako. Aghalabu yanakaa pale ambapo ushahidi umekwisha. Hali ni ile ile katika fasihi simulizi: mwanafunzi aliyekwenda nyanjani akarekodi ngano kwa fanani mmoja wa kijijini kwao hawezi kurudi na hitimisho kuhusu ngano za jamii nzima, sembuse za Afrika.

Na kwa kuwa tumeitaja ngano, nigusie ule mwisho wa kifomyula, "hadithi yangu inaishia hapo". Wapo wanaosema kwamba "kwa kuhitimisha" ni fomyula kama hiyo na ina heshima yake. Sikubali. Fanani anaisema fomyula yake kwa sababu hadhira yake inasikiliza na haioni ukurasa. Inahitaji ishara ya kutoka katika ulimwengu wa ngano na kurudi kwa wenzao walioketi pamoja. Msomaji wa insha anaiona nafasi nyeupe chini ya aya. Haitaji kuambiwa.

Darasani, zoezi ninalolitumia halihitaji maandalizi mengi. Wanafunzi wanaandika hitimisho peke yake, bila insha, wakificha jina la kitabu na majina ya wahusika kwa kuweka alama za A, B na C. Karatasi zinabadilishwa. Aliyepokea anajaribu kutaja kitabu na swali lililokuwa likijibiwa. Hitimisho ambalo lingeweza kufunga insha ya kitabu chochote, lile la "mhusika A ni kiongozi mbaya na jamii inapaswa kumkataa", hurudi kwa mwenyewe likiwa na alama ya kuuliza. Lile la Kingi hutambulika mara moja hata bila majina, kwa sababu hakuna kitabu kingine walichosoma ambamo mkuu wa polisi anakataa amri langoni pa soko. Wanafunzi wenyewe hulitambua kosa kabla mwalimu hajafungua kinywa, na hilo huokoa sauti.

Zoezi la pili ni la darasa lenye muda zaidi. Toa mwili wa insha moja iliyokamilika, aya nne au tano, bila mwisho. Kila kikundi kiandike hitimisho lake, kisha yasomwe yote kwa sauti. Yakifanana yote, swali lako lilikuwa jepesi mno, litafutie lingine. Yakitofautiana, waache wabishane, na kila anayebisha aonyeshe kidole kwenye aya inayombeba.

Kwa mtahiniwa anayesoma makala haya peke yake, na ambaye kitabu chake teule ni Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, hili hapa la kuanzia: "Bunju ni mhusika wa kulaumiwa." Jadili. Ziandike hoja zako kwa maneno machache tu pembeni mwa karatasi, za kumlaumu na za kumtetea. Soma tena onyesho la mwisho la tamthilia. Kisha andika hitimisho peke yake, sentensi nne, umpe mwenzako akuambie umemhukumu Bunju au umemwogopa.